Mtoto Hachezeshwi, Anabebwa

Mama mkwe wa dada yangu alifika Majimbo Jumamosi asubuhi na gunia la ndengu na redio iliyofungwa kwa leso, na kabla hajaonja hata chai tulikuwa tumeshakosana, mimi na yeye.

Ngoja nianze vizuri. Dada yangu mkubwa ameolewa na mtu wa Mbeere, kule chini ambako Embu inashuka mpaka inakuwa joto na vumbi. Sisi ni watu wa Mikinduri, Meru, kwenye baridi na miraa. Yeye na mume wake walikuwa wamepanga nyumba Embu mjini, mtaa wa Majimbo, orofa ya tatu. Shemeji ni fundi wa stima na kazi yake ilikuwa Isiolo, kwa hivyo tulimwona wikendi moja moja. Dada alikuwa keshia wa supamaketi, leo zamu ya asubuhi, kesho ya jioni. Mtoto wao, msichana, alikuwa ndio amejua kutembea, ile kutembea ya mlevi, anaanza safari ya jikoni anajikuta chooni. Mimi niliitwa nije kumlea.

Nilikuja nikiimba. Shule nilikuwa nimemaliza na gredi ambayo hata mwalimu mkuu alinipa akiangalia dirishani, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kufunga miraa na mama kwenye majani ya ndizi. Sikuichukia, lakini nilikuwa na ndoto yangu. Nilitaka siku moja niwe na chumba kikubwa chenye ukuta uliochorwa twiga na garimoshi, watoto wa mtaa mzima wajae ndani, mimi niko katikati, kila mtu anacheza na hakuna anayelia. Nilipomwambia mama, alisema, "Mwari, funga miraa, gari la soko linakuja." Kwa hivyo dada alipopiga simu, niliona kama chumba changu kimefunguliwa, hata kama kina mtoto mmoja.

Na tulikuwa na raha, mimi na huyo mtoto. Asubuhi nilimwekea beseni ya maji balkoni na vikombe vya plastiki, anamimina kutoka hiki kwenda hiki mpaka vidole vinakunjamana kama vya mwoshaji sufuria za hoteli. Nilichukua katoni ya tishu iliyokwisha, nikafunga leso za kichwa moja kwa nyingine, nikazisukuma ndani, yeye anavuta, zinatoka, zinatoka, haziishi, na kila moja ikitoka anashangaa upya kama hajawahi kuona leso maishani. Nilijaza maharagwe kwenye chupa za soda, nikakaza vifuniko, tukawa na kayamba. Saa ya kupika chakula cha mchana nilimpa mifuniko ya sufuria na mwiko, naye anapiga mimi nikikata sukuma wiki. Hiyo tuliita saa ya sufuria. Majirani wa chini walilalamika kidogo, nikawapelekea chapati, wakanyamaza.

Sasa, asubuhi ile ya Jumamosi, dada aliniita bafuni akafungua bomba ili maji yapige kelele.

"Shosho anakuja kumchukua mtoto," akasema. Shosho ni nyanya, mama ya shemeji.

"Kumchukua ampeleke wapi?"

"Kwake, Mbeere. Anasema mtoto halelewi kwenye ngazi. Baba yake bado hajakubali, lakini pia hajakataa, na unajua vile yeye na mama yake huwa."

Mtoto akienda Mbeere, mimi ni kurudi kwa majani ya ndizi, hiyo nilijua. Lakini kitu kilichoniuma ni kingine. Nilikuwa nimemzoea vibaya. Nilijua kilio chake cha njaa na kilio chake cha kiburi. Nilijua akinyamaza sana, ameshika kitu cha kutia mdomoni. Niliona ni kama mtu anakuja kunikata mkono, na dada ananiambia nimpikie chai.

"Tusimpe sababu yoyote," dada akasema. "Na kitu kingine. Atamtemea mate. Akitema, panguza. Lakini asikuone."

Hapo nieleze, kwa sababu vita vyote vilitoka hapo. Wazee wetu humbariki mtoto kwa kumtemea mate kidogo kifuani, yale ya kunyunyiza tu. Hata kwetu Mikinduri wanafanya, mimi mwenyewe nilitemewa. Lakini huyu mtoto alikuwa ameugua kifua akiwa mchanga, akalazwa, dada akakaa kando ya kitanda chake akidhani anamzika. Tangu hapo hakuna mtu aliruhusiwa kumbusu. Kando ya mlango kulikuwa na pakiti ya vitambaa vilivyoloweshwa, vile vya kupangusa watoto, na kila mgeni akitoka, mtoto alipanguzwa.

Basi shosho akafika. Mrefu, mkavu, shingo imenyooka, macho yanayohesabu vitu. Mtoto alikuwa na jina lake, maana wao msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na kwa sababu hiyo hakumwita kwa jina. Alimwita "mimi."

"Mimi yuko wapi? Leteni mimi nimwone."

Akambeba, akafunua fulana, akamtemea kifuani, tu, tu, akamwombea kwa Kimbeere maneno marefu mazuri. Hata mimi moyo ulilegea. Kisha akanikabidhi mtoto ili afungue gunia la ndengu. Nikageuka kuelekea ukutani, nikatoa kitambaa, nikapangusa.

Televisheni ilikuwa imezimwa. Kumbe kile kioo cheusi kinaonyesha nyumba nzima kama mtungi wa maji.

"Umepangusa nini?" shosho akauliza, bado amenipa mgongo.

"Jasho, shosho."

"Jasho. Asubuhi yote hii. Huyu mtoto amekuwa akilima wapi?"

Nikamwangalia dada. Dada alikuwa anatafuta sukari. Sukari ilikuwa mbele yake.

Shosho akatoa simu yake ya tochi, akampigia mtoto wake Isiolo, na akaongea Kiswahili kusudi, ili nisikose hata neno. "Nimefika salama. Nimembariki mtoto. Na huyu msichana wa Mikinduri amenipangusa kama kamasi."

Amenipangusa. Si "amempangusa." Nilitaka kucheka, lakini macho yake hayakuwa ya kuchekewa.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na mipaka. Kwa shosho mtoto hakuwa wa kuchezeshwa. Alikuwa wa kubebwa. Ukimweka chini umemtupa. Kila nilipopanga vitu vyangu kwenye mkeka, beseni, vikombe, leso, alikuja na leso yake kubwa, akamnyanyua mtoto katikati ya mchezo, akamtupia mgongoni, akakaza fundo, basi, mchezo umekwisha.

"Mtoto hachezeshwi," alikuwa akisema. "Mtoto anabebwa, anasikia moyo wa mtu, analala. Nililea saba hivyo. Kuna mmoja alikufa kwa kukosa leso za kuvuta kwenye katoni?"

"Lakini shosho, anataka kutembea. Miguu yake inajifunza."

"Inajifunza kwenda wapi? Ana kikao mahali?"

Mtoto akalala mgongoni mwake mchana kutwa kama gunia la mahindi, na jioni dada akirudi akiwa hajisikii miguu, yule yuko macho, anapanda makochi. Dada ananigeukia: "Kwani mchana mlikuwa mnafanya nini?" Nami naangalia dari, kwa sababu tuliambiwa tusimpe shosho sababu.

Siku moja nilikuta kayamba zangu haziko. Nikatafuta chini ya kiti, nyuma ya mlango. Jioni tukala githeri, mahindi na maharagwe. Shosho akanipakulia yeye mwenyewe, sahani imejaa, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya.

"Kula," akasema. "Maharagwe ni ya zile chupa zako. Katika nyumba yangu chakula hakipigiwi kelele."

"Hii si nyumba yako," nikasema. Ilitoka tu.

"Ni ya mtoto wangu. Na wewe ni wa nani, mwari wa miraa?"

Nikala. Yalikuwa yameiva vizuri, hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nikaona afadhali tutoke nje. Nje kulikuwa kwangu. Mtoto wa umri ule hahitaji bustani ya wanyama, anahitaji kitu kinachosonga na mtu wa kumwambia "Ona!" Tulikuwa na safari zetu. Kulikuwa na duka la dawa za mifugo ambapo vifaranga vya siku moja vililetwa kwenye makatoni yenye matundu, vikilia vyote pamoja, na mtoto alikuwa akichuchumaa mbele ya tundu moja, jicho lake kwa jicho la kifaranga, hakuna anayepepesa. Mwenye duka alituvumilia mara ya kwanza. Mara ya pili akauliza, "Leo mnanunua?" Mara ya tatu akasema, "Dada, hapa ni dukani. Kama unataka sinema, lipa." Nikamwambia tunaangalia tu, kuangalia hakumalizi kifaranga. Akachukua ufagio, akaanza kufagia pale tulipochuchumaa, miguuni mwetu kabisa. Tukaenda.

Tulienda mpaka mtaa wa Dallas, huko huko Embu, kuangalia mageti makubwa, ambapo mbwa hubweka chini ya geti na pua tu ndiyo inaonekana. Mtoto alizipungia mkono zile pua. Mlinzi mmoja akatufukuza, akidhani tunapima nyumba ya kuibiwa, mimi na mtoto mwenye nepi. Na tulienda kule karibu na mto ambako vijana wanaosha magari. Hiyo ndiyo aliipenda kuliko zote. Povu linaruka, mpira wa maji unapiga bodi la gari, upinde wa mvua unatokea hewani, unapotea. Alikuwa anapiga kelele mpaka vijana wanacheka na kumpulizia maji kwa mbali.

Na huko ndiko shosho alikopata neno lake. Nani alimwambia sijui, labda msimamizi wa ploti yetu ya nyumba za kupanga, mzee mmoja aliyekaa getini kutwa akichukia viatu vya watu. Nilirudi nikawakuta wanawake wa ploti kwenye foleni ya maji, maana bomba za juu hukauka mara kwa mara, shosho yuko katikati na mtungi wake, anaongea. Wakanyamaza nilipopita. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia:

"Mtoto anatembezwa na jua kama mbuzi wa mnada. Ati wanaenda kuangalia magari. Magari gani yana ndevu?"

Kicheko kikapanda ngazi mbele yangu.

Sikuwa na mvulana yeyote kule mtoni, hata mmoja wao sikumjua jina. Dada alipolisikia hilo neno, alinilaza chini kwa maneno mpaka nikashindwa pa kuangalia, na shosho ameketi hapo hapo akichagua ndengu, anatoa mawe, anaweka kando, tik, tik, tik. Safari zikakatazwa. Tukabaki ndani, wote watatu, kama kuku wa makabila tofauti kwenye tenga moja.

Sasa kulikuwa na ile redio. Kila siku saa ya mchana, kabla ya taarifa ya habari, ile stesheni ya kwao husoma matangazo ya vifo: nani amekufa, ni mke wa nani, mama ya nani, atazikwa lini na wapi. Kwa mtu aliyeishi kule chini maisha yake yote na sasa amefungiwa orofa ya tatu, hiyo ndiyo ilikuwa barabara yake ya nyumbani. Alikuwa akivuta kiti, anakaa wima kama yuko kanisani, sikio limeshikana na spika.

Na hiyo saa ilikuwa saa ya sufuria.

Saa ya sufuria ilikuwepo kabla ya redio yake. Nilisema hivyo siku zile na bado nasema. Mtoto alikuwa ameijua, ukiwasha jiko tu anaenda kabatini mwenyewe anavuta mfuniko. Hata shosho alipokuwa amemfunga mgongoni, mtoto alinyoosha mikono, akajipinda kama mdudu mpaka akaachiliwa. Nilikuwa nimenyang'anywa kayamba, vifaranga, mageti, maji na mto. Mifuniko sikuwa tayari kuitoa. Shosho aliongeza sauti. Mtoto aliongeza mwiko. Shosho akaongeza tena, mpaka mtangazaji akawa anakohoa ndani ya spika, na mtoto, akidhani ni ngoma ya wawili, akapiga kwa furaha zaidi.

"Mnyamazishe!"

"Anacheza, shosho. Punguza wewe, yeye atapunguza."

"Nipunguze mimi? Nipunguze wafu?"

Ikawa hivyo siku nyingi. Nilizoea. Yeye alizoea pia, nilidhani.

Halafu Jumatano moja simu yake ikalia. Huwa aliizima kutunza chaji, na siku hiyo alikuwa ameiwasha ndio ampigie shemeji. Alikuwa ni jirani yake wa kule chini. Nilikuwa nafua nepi balkoni, mlango uko wazi. Nikasikia shosho akiuliza, "Nani?" Kisha, "Lini?" Kisha mtu wa upande ule akawa anaita haloo, haloo.

Mwenzake alikuwa amekufa. Waliolewa mwaka mmoja katika boma mbili zinazotazamana, wakachota maji mto mmoja, wakazaa pamoja, wakafiwa na waume karibu pamoja. Alikuwa amezikwa jana yake. Jirani alikuwa anauliza kwa nini hakuonekana, watu walimtafuta kwa macho, hata kiti walikuwa wamemwekea. Tangazo lilikuwa limesomwa siku tatu mfululizo.

Nilikausha mikono. Nilisimama mlangoni nisijue kama niingie. Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Nikapika chai, ile nzito anayopenda, nikamletea kwa mikono miwili.

Alichukua kikombe. Akainuka, akatembea polepole mpaka kwenye sinki, akamwaga yote, akasuuza kikombe, akakiweka mahali pake.

"Wewe," akasema, na hakupaza sauti, "umenizikia mtu kwa sufuria."

Mtoto alikuwa amesimama katikati yetu na mfuniko mkononi, anatuangalia kwa zamu, anangoja nani ataanza.

Shemeji akaja Jumamosi. Tuliketi sebuleni wote, televisheni imezimwa, mtoto chini anavuta soksi yake. Shosho ndiye alianza, na alikuwa amejipanga. Alianza na mate. Akaenda kwa maharagwe yaliyotiwa chupani, akaenda kwa mto na vijana wa magari, akamalizia na kaburi ambalo hakulitupia hata konzi moja ya udongo. Alipofika hapo sauti ilikatika, na shemeji akainamisha kichwa.

"Kwa hivyo chagueni," shosho akasema. "Ama leo naondoka na mimi, tunaenda nyumbani. Ama huyu aende kwao. Jina langu silali nikiliacha kwa mtu anayenipangusa."

Shemeji si mtu mbaya. Alinigeukia, akaniuliza taratibu, "Hiyo ya mate, kwa nini ulifanya?"

Nikamwangalia dada. Alikuwa anaangalia soksi ya mtoto. Alikuwa anaiangalia kama imeandikwa kitu. Ningesema, "Muulize mke wako," na ingekuwa kweli, na ningepumua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nilijua litaenda wapi. Shosho angesikia kwamba mama ya mtoto ndiye amekataa baraka, kwamba ni mkaza mwana wake ndiye anaona mate yake ni ugonjwa, na hakuna mwana wa Mbeere ambaye angemzuia tena. Mtoto angepanda gari jioni hiyo hiyo.

"Ni mimi tu, shemeji," nikasema. "Naogopa mate."

"Anaogopa mate!" Shosho akapiga makofi. "Mtu wa miraa! Wanatema kuanzia asubuhi mpaka jua linatua, ukutani, barabarani, kwa viatu vya watu, halafu anaogopa mate!"

Hata shemeji alicheka kidogo, akajizuia.

Ndipo dada akaongea, mara ya kwanza tangu tukae. "Aende," akasema, bila kuniangalia. "Msichana aende nyumbani. Na mtoto abaki. Mama, si umesema unajua kulea? Utabaki naye hapa."

Shosho akageuka kama ameitwa na mtu nyuma. "Hapa? Juu huku?"

"Mimi niko kazini. Baba yake yuko kazini. Umesema nichague, nimechagua."

"Na mbuzi wangu?"

"Nitapigia jirani," shemeji akasema haraka, mtu aliyeona mlango umefunguka.

Shosho alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa na ngazi za orofa tatu na foleni ya maji. Aliniangalia kana kwamba hata hilo ni mimi nimelipanga.

Dada hakunishukuru. Sikungoja anishukuru, ingawa usiseme sikusikiliza nyayo zake zikipita mlangoni mwangu. Alinipa begi lake la zamani lenye zipu nzuri. Jumatatu alienda zamu ya asubuhi, akambusu mtoto kichwani, akasema kwangu, "Ukifika piga simu," akatoka.

Tukabaki sisi watatu. Begi langu liko mlangoni. Nilikuwa nakunywa chai ya mwisho, nimekaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni. Shosho alikuwa amemfunga mtoto mgongoni, anatembea naye kutoka dirisha hadi mlango. Mtoto alikuwa amekataa. Alijipinda, akajirudisha nyuma, akapiga kelele ile ya kiburi, mwili mgumu kama ubao. Shosho akamfungua, akamjaribu kwa uji, mtoto akautema. Akamjaribu kwa maji, mtoto akapiga kikombe. Akamwangalia nepi.

"Amekula," akasema, akiuambia ukuta. "Amelala vizuri. Hana uchafu. Hana joto. Sasa ni nini?"

Mimi nikanywa chai. Nakwambia ukweli, chai ile ilikuwa tamu. Nilijua ni nini. Ilikuwa saa yake, na kuna kitu tulifanya kila siku saa hiyo, asubuhi asubuhi, kabla shosho hajatoka chumbani kwake kuomba. Ningeondoka na hicho kitu kwenye begi langu, wahangaike nacho mpaka Krismasi. Nilikaa hivyo. Mtoto akaja kwangu akilia, akashika goti langu, na pua yake imejaa, na alikuwa haelewi kwa nini sifanyi.

"Saa hizi," shosho akauliza, na ilikuwa ni kama anang'oa jino, "wewe huwa unamfanyia nini?"

"Huwa nalala chini, shosho."

"Unalala."

"Chini sakafuni. Yeye anapanda. Mimi ni mlima. Akifika juu nashusha bega moja, anabingirika, anapanda tena. Ni hivyo tu. Akichoka anakulalia hapo hapo juu."

Akanitazama kutoka unyayo hadi kichwa. "Mimi nilale chini, nipandwe."

"Si lazima."

"Mwanamke wa umri wangu. Kwenye simiti."

"Kuna mkeka nyuma ya mlango."

"Upuzi," akasema. "Ndiyo mnafanya huko Mikinduri? Mnalala chini mnapandwa na watoto? Ndio maana. Enda, gari litakuacha."

Nikampangusa mtoto pua kwa kiganja changu, nikamwambia maneno ambayo ni yetu wawili, nikachukua begi. Ngazi zilikuwa ndefu siku hiyo. Kilio kilinifuata orofa ya pili, kikanifuata ya kwanza. Nilifika uani sioni vizuri. Wanawake wako kwenye foleni ya maji, wakaniangalia na begi langu, wakaangalia mitungi yao. Msimamizi wa ploti akaangalia viatu vyangu.

Nikiwa nafungua geti, kilio kikakatika ghafla. Nikasimama. Nikasikia, kupitia dirisha lililo wazi, kitu kizito kikigusa sakafu huko juu, na mtu mzima akiguna.

Halafu mlango wa balkoni ukafunguka kwa kishindo. Shosho alikuwa amesimama pale juu, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni, amemkamata mtoto kwapani kama mkungu wa ndizi, na mtoto alikuwa anacheka na kupiga miguu hewani.

"Wewe! Wewe wa Mikinduri!" akapiga kelele, ploti yote ikainua vichwa. "Ananikanyaga matiti! Ulisema mtu analala aje?"

"Kifudifudi, shosho!" nikamjibu, mikono mdomoni. "Lala kifudifudi! Mgongo juu!"

"Si ungesema! Wameru mnaficha hata hiyo!"

Akaingia ndani na kuufunga mlango kwa nguvu. Wanawake wa foleni wakaanza kucheka, na mmoja akaniuliza kama nina mtu wa kunisaidia na begi. Nikamwambia hapana, si zito, nikashika barabara ya kwenda stendi.